Mpe Mjomba Chai ya Rangi

Zaina mwanangu,

Umekwenda ng'ambo ya korongo kumuaga bibi yako, na namjua mama yangu, hatakuachia mpaka ule ushibe. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa kwenye gogo mbele ya banda, mdogo wako Omari ananivuta kalamu, na mbuzi wako Kidoti anatafuna huku ananitazama kama anayejua kwamba kesho lori ni lake. Ukungu umeshaanza kushuka. Nitaandika mpaka nisione mstari.

Sitakuandikia namna ya kuwafunga mbuzi wasiumizane njiani, wala dawa ya minyoo, wala kuwaamkia watu wa baba yako. Hayo umekua nayo. Nataka kukuandikia habari ya udongo na habari ya chai. Ya chai unaijua nusu.

Mjomba wako Kibwana huisimulia kila sikukuu. Kwamba nilipokuwa nimeolewa na baba yako kule Dakawa alishuka kunitembelea, nikampa chai ya maziwa, akanywa, akasifia maziwa ya mbuzi wangu Shani, kumbe nimeyaomba kwa jirani kwa mlango wa nyuma. Watu hucheka. Na mimi hucheka, umeniona. Lakini mjomba wako huianza hadithi anapovua viatu mlangoni na kuimaliza kikombe kinapokuwa kitupu. Yaliyokuwa kabla hakuyaona. Yaliyokuja baada hayachekeshi, basi huyaacha.

Nilishuka Dakawa nikiwa na umri wako huu. Bibi yako alinipa Shani, mbuzi wake mzuri kuliko wote, na kijaluba cha mbegu za fiwi. Hakunipa kwa ajili ya mboga. Fiwi kwetu si maharage ya sufuria, ni ya mbuzi: ukimlisha majani yake kiangazi chote, maziwa hayakatiki. Akanifundisha kupanda kama alivyofundishwa na mama yake. Shimo, kizibo kimoja cha soda kilichojaa mbolea ya kupandia, samadi kiganja, mbegu, fukia. Tangu nikiwa na akili nilimwona akifanya hivyo, na fiwi zake zilikuwa zinafunika ngazi yote ya shamba mpaka huoni ukuta wa mawe. Alinipa kipimo. Sababu hakunipa, kwa kuwa hata yeye hakuwa nayo. Wala mimi sikuuliza. Nilidhani kipimo ndicho elimu yenyewe.

Baba yako alinionyesha shamba. Ni hilohilo alilokukatia wewe, kwa hiyo sikiliza. Upande wa juu, karibu na njia, ni mchanga, ukiushika unakimbia mkononi kama chumvi. Upande wa chini ni mbuga nyeusi, kiangazi inapasuka mpaka unaweza kuingiza mkono, masika inanata mpaka inavua ndara. Mimi mtoto wa milimani nilitazama ardhi ile yote imelala chini, hakuna kupanda wala kushuka, nikajisemea hapa hata mtoto atalima.

Nikaanza na mchanga. Shimo, kizibo kimoja kilichojaa, mbegu juu yake, fukia. Mvua ikanyesha kidogo, ikakata. Siku za kuota zikafika, hakuna kitu. Nikafukua: mbegu zimetoa kidole kimoja cheupe, ncha imeungua, nyeusi kama utambi. Nikasema mbegu zimepata joto safarini. Nikapanda tena, vilevile, kizibo kimoja. Zikaungua tena.

Nikahamia kwenye mbuga. Hapo ndipo bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, aliponikuta nimeinama napanda bapa, bila tuta. Alikuwa Mzigua, mtani wetu, na ulimi alikuwa nao.

"Ee mwali," akasema, "huku hatulimi tumefungwa kamba kama kwenu. Huwezi kuanguka. Basi tulia, inua tuta kwanza."

Wanawake waliokuwa naye wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Muacheni, anatafuta mteremko, hauoni!"

Ulikuwa utani. Leo najua ulikuwa utani, na ndani yake kulikuwa na neno la maana kuliko yote niliyoambiwa Dakawa. Inua tuta. Lakini nilikuwa na umri wako, mgeni, na mbegu zangu zilikuwa zimeungua mara mbili pasipo mtu kujua. Nikasikia kwamba ninatukanwa mimi na mama yangu na ukoo wangu. Nikamjibu, kwa adabu lakini kwa kiburi: "Mama, kwetu tunalima mahali ambapo hata mbuzi anafikiri kwanza. Fiwi nimezaliwa nazo."

Akaenda zake na wenzake. Ndivyo alivyokuwa, neno lake mara moja.

Fiwi za mbuga ziliota. Nikafurahi, nikamwita baba yako aje kuona. Kisha masika ikakaza, maji yakatuama, majani yakaanza kuwa manjano kuanzia chini. Mimi nikaona zina njaa. Nikaongeza mbolea. Nikamwaga kwenye maji, Zaina, nakwambia, nimesimama tope magotini namwaga mbolea kwenye maji. Mizizi ilikuwa haina pumzi na mimi naizidishia chakula. Baba yako alisimama pembeni akasema taratibu tu, "Mama Zaina, pengine udongo huu si wenu." Wewe ulikuwa tumboni bado, lakini jina alikuwa ameshalichagua. Naye sikumjibu vizuri.

Kiangazi kilipoingia sikuwa na hata mzigo mmoja wa majani ya kumwekea Shani. Nikamlisha mabua ya mpunga na pumba. Maziwa yakapungua, yakawa ya kikombe, yakawa ya kijiko, yakakata. Na hapo ndipo mjomba wako anapovua viatu mlangoni.

Alikuwa ametumwa na bibi yako. Anakuja na lori la kabichi mpaka mjini, kutoka hapo anapanda gari la Dakawa, ametoka jasho, ana furaha ya kuniona. Nilimwambia kaka kaa, nikazunguka nyuma, nikamwomba jirani maziwa. Akanywa.

"Ya Shani haya?"

"Ya Shani, kaka."

"Mh! Mama atafurahi. Alikuwa anasema ukikwama tu, nimwambie, atakuletea majani kwa lori kila juma, na ngazi yako hatampa mtu. Lakini naona wewe umeshakuwa Mdakawa."

Nikacheka. Nikamwongezea kikombe.

Tazama hapo, mwanangu. Majani yalikuwa yameshafika mlangoni kwangu. Yalikuwa kwenye mdomo wa kaka yangu. Ningesema neno moja tu, Shani angelishwa. Nilikuwa na aibu kwamba mbuzi wa mama amekauka mikononi mwangu, kwa hiyo nikamficha mtu pekee aliyeweza kumwokoa. Uongo ule haukuwa mkubwa. Ulikuwa wa kikombe cha chai.

Shani alikufa kabla ya vuli, na mwanawe tumboni. Baba yako alimzika, hakutaka auzwe wala aliwe. Kwa hilo namheshimu mpaka leo, na ndiyo sababu mojawapo ninakuachia uende kwake. Tulipoachana hakuwa mbaya wala mimi sikuwa mbaya. Tulikuwa watoto wawili, kila mmoja ananyamaza upande wake.

Nilipopanda mlima kurudi, wewe ukiwa mgongoni, mjomba alikuwa ameshatoa habari nyumbani kwamba nimetulia, nimestawi, ng'ambo nimekuwa mtu. Unajua desturi yetu. Ardhi inapita kwa akina mama, na ngazi isiyolimwa ukoo hauwezi kuitazama tu wakati mwingine ana njaa. Ngazi yangu alikuwa amepewa mtoto wa mama mkubwa, ameshapanda kabichi, zimeshafunga. Chumba cha Shani bandani kilikuwa na mbuzi mwingine. Hakuna aliyenionea. Walikuwa wamepewa habari na mimi mwenyewe, kwa kinywa cha kaka yangu.

Bibi yako alinitazama na mzigo, akakutazama wewe, akasema, "Ungesema." Basi. Kisha akaweka maji motoni.

Nikapewa kule mgongoni mwa mlima, kwenye udongo mwekundu uliochoka, ambako watu walikuwa wameshaacha. Ndiko ulikokulia. Wewe unafikiri tulipapenda.

Na sasa sikia kosa langu la pili, maana hili hata mjomba halijui. Dakawa iliniunguzia mbegu mara mbili kwa sababu ya kizibo cha mbolea shimoni. Nikaapa mbolea haitakaa shimoni kwangu tena. Kwa hiyo pale mgongoni nikawa naimwaga juu juu, kidogo kidogo, kwa mkono, kama anayelisha kuku. Fiwi zikaota, hazikuungua, nikashukuru. Lakini hazikupanda. Zilifika kwenye goti zikakaa hapo, majani madogo, kijani cha giza kisicho na uhai, mengine yana zambarau pembezoni. Msimu huo, na uliofuata, na mwingine tena. Bibi yako akipita ananiambia weka shimoni. Nakataa. Naona ananirudisha Dakawa.

Unamkumbuka yule mama wa ugani aliyekuja na buti za mpira, ukampokea kikapu? Ulikuwa mdogo lakini ulikuwa na maswali kuliko mimi. Aling'oa fiwi moja, akapangusa mizizi, akatuita tuone. Hapakuwa na vinundu, au vilikuwepo viwili vitatu kama vipele, akavipasua kwa kucha, vyeupe ndani.

"Vingekuwa vyekundu kama nyama, vingekuwa vinafanya kazi," akasema. "Mmea wa jamii hii unajitafutia chakula kimoja wenyewe hewani, kwa vinundu hivi. Lakini ili uvitengeneze unataka fosfeti, ile iliyo kwenye mbolea ya kupandia. Mbolea ya kupandia umetia?"

"Nimetia."

"Wapi?"

"Juu."

Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Mama, udongo huu mwekundu ni bahili. Fosfeti ukiimwaga juu inakamatwa yote na udongo, inafungiwa, mizizi haipati. Iweke pamoja shimoni, karibu na mbegu, na samadi uchanganye, samadi inausaidia udongo uachie."

Nikasimama na jembe. Nikamuuliza, sijui hata kwa nini sauti yangu ilikuwa ndogo: "Na mchanga?"

"Mchanga hauna ubahili. Hauna hata pa kuficha. Ukiweka nyingi karibu na mbegu, na mvua haba, unaunguza. Kidogo tu, na udongo katikati."

"Na mbuga?"

"Mbuga mara nyingi haikudai mbolea kwanza. Inakudai tuta."

Wewe ukadakia, "Mama, mbona unalia?" Nikakwambia vumbi. Ilikuwa masika, Zaina, hakuna vumbi huku kwetu Mgeta masika. Yote yaliyoniunguza Dakawa yalikuwa yamekaa katika maneno machache ya mtu mwenye buti za mpira. Bibi yako alikuwa sahihi huku. Bibi yako wa Dakawa alikuwa sahihi kule. Na mimi nilipeleka kipimo cha mlima bondeni, kisha nikapandisha woga wa bondeni mlimani.

Msimu ule tulipanda pamoja. Ulikuwa unashika kizibo, mimi nachimba. Uliniuliza kila shimo, "Hapa pia kimejaa?" nami nakuambia hapa pia. Ule mstari tuliouacha bila kitu ulikuwa wazo lako, ulitaka uone. Ukaona. Ule wa mbolea na samadi ulikufunika ukijificha ndani, natafuta mtoto simwoni, nasikia kicheko tu ndani ya majani.

Sitasema watoto ni kama udongo. Watoto si udongo, wanajibu. Lakini mwaka jana ulipoleta habari kwamba baba yako amekukatia shamba, nikasema hapana, nikafunga mlango, ukalala na njaa kwa hasira. Ulikuwa umeniambia jambo la kweli: "Mama, huku juu kila ngazi ina mwenyewe, nitakuwa mgeni kwenye matuta ya watu mpaka lini?" Sikukujibu wewe. Nilikuwa naijibu Dakawa yangu. Nilikufanyia kama nilivyofanyia zile fiwi, nikiogopa kuunguza, nikakuweka mbali na kitu ulichokuwa unakihitaji. Bibi yako ndiye aliyeniambia, na safari hii alisema maneno mengi kuliko moja.

Basi nenda. Nenda na Kidoti na mwanawe. Na kwa kuwa najua utanipigia simu umesimama shambani na kizibo mkononi, nakuambia mapema: usiniulize kijae au kiwe nusu. Sijui. Niliishi juu ya udongo ule sikuujua. Chukua kipande kidogo kila upande, jaribu, acha mstari mmoja mtupu kama ulivyofanya ukiwa mdogo, kisha ng'oa mmoja uangalie mizizi. Mizizi haitakuonea haya. Na uliza watu wa pale. Watakutania, kwamba mama yako alimwaga mbolea kwenye maji, maana wapo wanaokumbuka. Cheka nao, halafu inua tuta.

Hilo ni la udongo. La chai ndilo hili.

Simu siiamini. Si kwamba wewe ni mwongo. Nakujua, utaniambia "poa mama, huku freshi," na mimi nitataka sana iwe kweli, kwa hiyo nitaamini. Uongo wa simu hauhitaji hata kwenda kwa jirani. Ndiyo maana nimekubaliana na mjomba wako. Atashuka masika ikiisha, na atashuka tena kiangazi kikikaza. Atakaa, atavua viatu, atatania. Wewe mpikie chai. Kama Kidoti anakamuliwa vizuri, mtilie maziwa anywe, arudi aniletee majivuno. Kama hakamuliki, kama fiwi zimeungua au zimezama, kama baba yako na mkewe wamekuchosha, kama umechoka tu na hujui kwa nini, mpe chai ya rangi. Usieleze. Hatauliza, nimemwapisha, na unajua inavyomuwia vigumu mjomba wako kutouliza. Atakunywa, atashukuru, atarudi kuniambia ilikuwa chai gani.

Juma hilohilo lori litashuka na majani. Kama majani hayatoshi, litapanda na mbuzi na wewe juu yake, na hakuna atakayesimulia hadithi sikukuu. Hilo nimemwapisha pia.

Kule mgongoni nimezungumza na wazee wa ukoo, mjomba akiwepo. Ni pako. Nitapalima mimi kwa niaba yako, hapatalala hata msimu mmoja, kwa hiyo hakuna atakayeweza kusema pametupwa. Baba Omari alitaka tuingize mbuzi wengine wawili bandani baada ya Kidoti na mwanawe kuondoka, nafasi ipo. Nimemwambia hapana. Amesema nafasi tupu hailishi mtu. Nimemwambia hiyo hailishi, hiyo inasubiri. Asubuhi ukishaondoka nitafagia vile vyumba viwili, nitaweka majani makavu chini, na milango yake nitaiegesha tu, sitaifunga.

Nakusikia unashuka korongoni, unamjibu bibi yako kwa kupiga kelele kama kawaida yenu. Omari amekusikia, ameacha kalamu. Mstari sasa siuoni vizuri, ukungu umefika bandani.

Nitaiweka barua hii ndani ya kijaluba, chini ya mbegu. Ukiifikia ujue umeshaanza kupanda.

Mama yako.